Kucheza Nako Kuna Kipimo

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake twaijua sote. Hata kazi duni, yenye jasho jingi na malipo kidogo, yaushinda mchezo ulio mzuri kabisa, kwa sababu jioni kazi huleta unga nyumbani, na mchezo huleta njaa. Methali hii ni ya kweli, nami nimeifundisha shuleni miaka mingi. Lakini tuisikilize vizuri. Haikusema kwamba mchezo ni dhambi. Ilisema tu kwamba mchezo usiwekwe mahali pa kazi. Tena haikutuambia neno lolote juu ya siku ile ambayo hakuna kazi. Siku hiyo tuitumieje? Hilo ndilo nataka tulitazame pamoja, ndugu wasomaji, maana katika nyumba nyingi jambo hili limekuwa ugomvi kati ya baba na mtoto.

Mimi nakaa Kalengera. Ukitoka Goma kwa barabara kuu iendayo kaskazini, wapita Kibumba, wapita Rugari na Rumangabo, ndipo wafika kwetu. Ukiendelea mbele wafika Rubare, kisha Rutshuru. Hapa kwetu ndipo njia ya Tongo inapoachana na barabara kuu. Udongo wetu ni mweusi, ni zawadi ya milima ya moto, na maharagwe, mahindi na ndizi hustawi sana. Watu ni wakulima na wachuuzi, na mkulima hana siku nyingi za kupumzika. Anayo Jumapili, na anazo sikukuu chache za Serikali.

Mojawapo ya sikukuu hizo ni tarehe 1 Agosti. Katika nchi yetu ya Kongo ni Siku ya Wazazi, wazima na wafu. Asubuhi watu huenda makaburini, hukata majani, husafisha makaburi na kuombea marehemu wao. Mchana hurudi nyumbani, na watoto hukaa pamoja na wazazi walio hai. Nataka kuwasimulia siku hiyo ya mwaka 1918? Hapana, wala si zamani hivyo: ni mwaka 2018, siku ya Jumatano, nami niliitumia karibu yote katika michezo.

Sababu ilikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Wakati ule alikuwa na miaka 19, na kazi yake ilikuwa chukudu. Wasomaji wa mbali wasioijua chukudu wafikiri baiskeli kubwa ya mti isiyo na pedali wala cheni. Magurudumu yake mawili ni ya mti, yamevikwa mpira wa tairi kuukuu, na breki yake ni kipande cha mpira kilichopigiliwa nyuma, ambacho mwenyewe hukikanyaga kwa mguu. Mjini Goma wameijengea chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu, na ni haki, maana imelisha nyumba nyingi. Mpwa wangu huyu alikuwa akiondoka kabla ya jua, akapakia magunia ya viazi na maharagwe huko Rugari, akashuka nayo hadi Rubare. Kushuka ni hatari, na kupanda tena ni mateso. Na chukudu yenyewe haikuwa yake; aliikodi kwa mtu, na sehemu ya mapato yote ya siku ilikwenda kwa mwenye chukudu.

Baba yake, yaani shemeji yangu, alinijia siku chache kabla ya sikukuu, uso umekunjamana.

“Shemeji,” akasema, “huyu mpwa wako amepotea. Akipata siku moja ya kupumzika, huingia katika nyumba ile ya televisheni asubuhi, na kutoka jioni. Nilidhani nimezaa mwanamume, kumbe nimezaa macho mawili na vidole kumi.”

Nikamwuliza kama kijana ameacha kazi. Akasema, hapana. Kama ameiba. Hapana. Kama hulewa. Hapana. “Lakini,” akasema, “fedha yake yaenda kwa kivuli. Anacheza mpira bila mpira! Nimemkataza, naye amenijibu. Tangu mwezi wa sita hatuli sahani moja.”

Nami nikamwita kijana kando. Alinijibu kwa adabu, lakini alinijibu: “Mjomba, siku sita mwili wangu ni wa magunia. Nikipata siku moja, naomba saa mbili tatu ziwe zangu mimi. Baba anataka nilale nyumbani niwe mzima kwa ajili ya magunia ya kesho. Basi hata usingizi wangu ni wa magunia?”

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mimi ni mwalimu, na desturi yangu ni kukitazama kitu kabla ya kukihukumu. Nikamwambia: “Vema. Siku ya Wazazi, tukitoka makaburini, mimi nitakwenda nawe huko. Na baadaye wewe utakwenda nami kwa babu yako.” Akakubali.

Nyumba ile ya michezo ilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye paa la mabati, karibu na soko. Nje, mashine ndogo ya umeme ilikuwa ikinguruma. Ndani mlikuwa na televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation, mabenchi manne, na vijana wapata ishirini. Ukutani mwenye nyumba alikuwa ameandika sheria kwa chaki: hakuna matusi, hakuna sigara, mwanafunzi asiingie saa za shule. Bei ilikuwa faranga 200 kwa mchezo mmoja wa mpira, wa dakika kama kumi. Anayeshindwa ndiye anayelipa, naye huinuka ampishe mwingine. Anayeshinda hubaki kitini.

Wakanipa nafasi kwa heshima ya mvi zangu. Nikacheza na mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi. Alinifunga mabao saba, nami sikujua hata ni mchezaji gani kati ya wale aliyekuwa akingojea amri yangu. Vijana walicheka mpaka machozi, kisha wawili wakaja kunionyesha vifungo: hiki cha kupiga, hiki cha kupasia, hiki cha kukimbia. Niliona kwamba si mchezo wa wavivu. Kichwa, jicho na kidole sharti vifanye kazi kwa pamoja, na anayekasirika hushindwa upesi.

Niliona na mambo mengine. Katika mabenchi yale walikaa bega kwa bega watoto wa makabila ambayo wakubwa wao hawaaminiani, na hapakuwa na aliyeulizwa ukoo wake. Aliulizwa tu zamu yake. Huku wakingojea zamu, walipashana habari: bei ya viazi Rubare, nani anaumwa, na mahali gani njiani watekaji nyara wameonekana, maana miaka ile kutekwa kwa watu kulikuwa kumetutesa sana katika barabara yetu. Mpwa wangu alikuwa akisikiliza habari hizo kuliko alivyotazama televisheni. Ndipo nikafahamu kwamba chumba kile kilikuwa baraza yao, kama sisi tulivyo na baraza yetu chini ya mti.

Lakini mwalimu asiseme mazuri tu. Nilimwona pia kijana mmoja aliyeshindwa mara sita mfululizo. Kila mara alitoa noti mfukoni, na kila mara mkono ulitoka haraka zaidi. Usoni mwake hapakuwa na furaha hata kidogo. Huyo hakuwa akicheza tena. Mchezo ulikuwa ukimcheza yeye. Na nje ya mlango palikuwa na wawili waliojadiliana juu ya kuweka fedha katika pari ya mechi za Ulaya. Lazima tuseme wazi kwamba pari si mchezo. Katika mchezo walipa ili ucheze, na ukitoka umepata ulichokilipia. Katika pari walipia tumaini, na tumaini hilo kesho huuzwa tena kwa bei ile ile.

Alasiri tulikwenda kwa babu yake, baba wa shemeji yangu. Mzee alikuwa amekaa chini ya mparachichi, na mbele yake ubao wake wa igisoro. Shemeji alikuwapo vilevile, ameketi mbali kidogo, hatazami upande wetu.

Igisoro ni mchezo wa zamani sana katika nchi za Rwanda na huku kwetu Rutshuru. Ubao una mistari minne ya mashimo manane, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Kila mtu ana mistari miwili. Wachota mbegu za shimo moja, wazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na zikiangukia mahali panapofaa wazichukua mbegu za mwenzako zilizo mkabala. Waganda wanao mchezo wa namna hii, wauita omweso. Watu wa pwani wanao bao, nalo lina mashimo 32 na kete 64 vilevile, ingawa sheria zake ni nyingine. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kupenda bao. Na mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kwa mafundi wa bao, akatazama jinsi wanavyoweza kuhesabu mbali kichwani bila kugusa kete, na mwaka 1995 akatoa kitabu cha masomo yake katika chuo kikuu cha Leiden. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba michezo ya wazee wetu ni ya kitoto.

Mzee alimwona mjukuu wake, akapanga mbegu bila salamu ndefu. “Kaa,” akasema.

Wakacheza. Mara ya kwanza kijana alishindwa upesi. Mara ya pili alishindwa polepole. Mara ya tatu mzee alilazimika kunyamaza na kufikiri, akashika kidevu, na mwisho akashinda. Kisha akasema:

“Mikono yako ni ya haraka, na macho yako ni mazuri. Lakini waangalia shimo moja. Mimi naangalia mashimo 32.”

“Babu,” kijana akajibu, “kule kwenye mashine nami naangalia watu 22.”

“Ishirini na wawili! Na mwamuzi je?”

“Mwamuzi yumo ndani ya mashine, Babu.”

“Basi hapokei rushwa,” mzee akasema, na hapo sote tukacheka, hata shemeji kule alikokaa.

Mzee akauliza bei. Kijana akamwambia: faranga 200, anayeshindwa hulipa. Mzee akatikisa kichwa. “Mimi nimeshindwa mara nyingi kuliko nywele zangu,” akasema, “na sijamlipa mtu.” Kisha akamgeukia mwanawe. “Nawe, ulipokuwa na umri wa huyu, jioni nilikuwa nikikutafuta wapi?”

Shemeji akakaa kimya. Mzee akangoja. Mwishowe shemeji akasema kwa sauti ndogo: “Kwenye karata, Baba. Nyuma ya soko.”

“Nami nilisema nini?”

“Ulisema umezaa karata.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Kijana alimtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Mzee hakutoa hukumu ya kusema nani ana haki. Alitoa masharti. Kijana aende kwenye mchezo wake siku ya mapumziko, lakini baada ya Misa na baada ya kazi za nyumbani. Arudi kabla ya giza, ale na watu wa kwao. Na kila faranga anayoitoa kwa mchezo iwe na mwenzake katika akiba ya kununua chukudu yake mwenyewe. “Ukiwa huna faranga ya pili,” akasema, “basi na ile ya kwanza huna.” Na kwa shemeji akasema: “Wewe usimtukane mbele ya wadogo zake. Ukitaka kujua anachokifanya, nenda ukakae naye, kama huyu mwalimu.” Jioni ile baba na mtoto walikula sahani moja. Sisemi kwamba hawakugombana tena. Lakini walikula.

Nimefikiri sana juu ya masharti yale, na kila ninaposoma naona mzee hakuwa peke yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa katika karne ya 13, aliuliza swali hili hili: je, wema waweza kuwamo katika mchezo? Akajibu kwamba waweza. Alikumbusha hadithi ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Naye akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale mfululizo, kisha akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo bila kikomo. Yule akasema hapana, upinde utavunjika. Yohane akasema ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe. Tomaso akaendelea mbele, akasema kwamba mtu asiyejua kucheza kabisa, anayewachukia na wanaocheza, naye ana kosa, kwa sababu ni mzigo kwa wenzake. Lakini akaweka mipaka: mchezo usiwe wa mambo machafu wala ya kudhuru, usimpotezee mtu akili, na ufae mahali, wakati na watu.

Na siku zetu hizi tunaye Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa Mtakatifu na Papa Leo wa 14 tarehe 7 Septemba 2025. Yeye alikuwa fundi wa kompyuta, na michezo ya mashine aliipenda. Hakuitupa. Ila alijiwekea sheria ya saa moja tu kwa juma. Angalieni: hakuna aliyemfungia mashine kabatini. Alijifungia mwenyewe, na huo ndio uhuru.

Waganga nao wamesema neno lao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilipokea orodha mpya ya magonjwa, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa kushikwa na michezo ya mashine. Lakini halikusema kwamba kila achezaye ni mgonjwa. Dalili zake ni hizi: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo hutangulia mbele ya kazi, masomo, chakula na watu, naye huendelea ingawa aona wazi anavyoumia, na kwa kawaida hali hiyo huonekana kwa muda wa mwaka mzima. Wazazi, tuzishike dalili hizo. Zitatusaidia kumtambua mtoto anayehitaji msaada, na zitatuzuia tusimwite mgonjwa mtoto aliyechoka tu.

Liko jambo jingine ambalo vijana wetu yawapasa kulijua. Mashine hizi za michezo, pamoja na simu na kompyuta, hutumia vipande vidogo sana vya kuhifadhi umeme, na baadhi ya hivyo hutengenezwa kwa madini ya tantali. Tantali hutoka katika koltani, na koltani inachimbwa huko Rubaya, katika Masisi, jirani zetu kabisa. Mwaka 2000 bei ya koltani ulimwenguni ilipanda ghafula, watu wengi wa Kivu wakaacha mashamba wakakimbilia mashimo, na mwaka 2001 bei ikaanguka. Wenye silaha waliipata faida, na wachimbaji wakabaki na mashimo. Nilimweleza mpwa wangu habari hizi. Akaitazama mashine kwa muda, akasema: “Basi, Mjomba, labda udongo wa kwetu umekwenda Ulaya na kurudi, ndipo tunalipa faranga 200 kuugusa.” Sikuwa na la kuongeza. Sidhani yafaa tuache kucheza kwa sababu hiyo. Lakini kijana anayejua kitu kimetoka wapi, na kwa jasho la nani, hukishika kwa namna nyingine.

Mwaka 2019 akiba ilitosha, akanunua chukudu yake. Haukupita muda mrefu, taabu ikaja. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 vita vya M23 vilienea katika Rutshuru, na mwisho wa mwezi huo Rutshuru na Kiwanja zikatekwa. Watu wa vijiji vya barabarani wakakimbilia upande wa Goma. Mpwa wangu alimpandisha babu yake juu ya chukudu, pamoja na godoro moja na sufuria mbili, akaisukuma kwa mikono katika mpando wa Rugari mpaka Kibumba, na baba yake akisukuma nyuma. Tulifika Kanyaruchinya, katika Nyiragongo, mahali palipojaa maelfu ya watu na vibanda vya mahema juu ya mawe makali ya lava.

Huko Kanyaruchinya nilijifunza jambo ambalo sikulijua. Hapakuwa na umeme, wala mashine, wala faranga za kucheza. Chakula kilikuwa shida, maji yalikuwa shida. Hata hivyo, kabla ya juma la pili kwisha, michezo ilikuwa imerudi. Vijana walichora dama juu ya kipande cha boksi, wakatumia vifuniko vya chupa: vya mmoja vimelala, vya mwingine vimefunuliwa. Wengine walichora ludo, mchezo ambao Waingereza waliuchukua katika mchezo wa Wahindi na kuuandikisha kama mali yao mwaka 1896. Hapo kambini nyota na vyumba vyake vilipakwa kwa rangi ya mkaa. Na igisoro? Ubao wa mzee ulibaki Kalengera. Katika lava hakuna mtu awezaye kuchimba mashimo kwa kidole. Basi mjukuu wake alichora duara 32 kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku, akakusanya vijiwe 64 vyeusi, akamwekea babu yake mbele ya hema.

Mzee akacheza kila jioni, na watoto wakamzunguka. Nilimsikia akiwafundisha: “Mwaona? Katika mchezo huu mbegu zinazotekwa haziuawi, wala hazitupwi nje. Zapandwa upande wa pili, zinaanza kutembea na wenyeji. Kesho zaweza kurudi kwenu. Anayeshindwa ni yule tu asiyeweza tena kutembea.” Alikuwa akieleza sheria za igisoro. Lakini watu wazima waliosimama pale, waliokuwa wametembea siku mbili na mizigo kichwani, waliinamisha macho.

Mzee hakurudi nasi Kalengera. Alifariki mwaka 2023, akazikwa huko. Mwezi wa Februari mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwishoni mwa Januari, kambi zile za kandokando ya mji zilivunjwa, watu wakatawanyika, nasi tukashika njia ya kwetu. Wengine walikuta nyumba, wengine walikuta majani.

Nabii Zakaria, katika sura ya nane, aonyesha mji wa Yerusalemu uliorudishiwa amani. Hataji kwanza majeshi wala minara. Ataja wazee walioketi nje na fimbo zao mkononi kwa wingi wa miaka, na wavulana na wasichana waliojaa katika njia wakicheza. Nilipokuwa kijana nilipita juu ya mistari hiyo upesi. Sasa najua kwa nini nabii aliwaweka pamoja wazee na watoto wachezao. Mahali ambapo mzee aweza kukaa bila hofu na mtoto aweza kucheza bila kuitwa ndani, hapo ndipo amani ilipo. Na mahali ambapo mmoja anamchukia mwingine kwa sababu ya mchezo wake, vita vimeshaingia nyumbani, hata kama risasi hazijasikika.

Basi, ndugu wasomaji, siku ya mapumziko ni mali yetu, nayo si mali ya kutupwa. Baba, ukiona mwanao anacheza, umwulize mambo matatu kabla ya kumpigia kelele. Kwanza, mchezo umekuja baada ya wajibu wake, au umekaa mahali pa wajibu? Pili, fedha anayoitoa ina mwenzake katika akiba? Tatu, akitoka mchezoni anarudi kwa watu akiwa na moyo mweupe, au anarudi akiwa na hasira na uongo? Majibu yakiwa mema, mwache acheze, tena ukiweza keti naye, ufungwe hata mabao saba. Majibu yakiwa mabaya, usimtukane; mtafutie kwanza mtu wa kucheza naye nyumbani, kwa maana mara nyingi mtoto aliyekimbilia mashine amekimbia kimya.

Nanyi vijana, wazee wanaocheza igisoro, bao au karata chini ya mti hawako mbali nanyi kama mnavyodhani. Kaeni nao saa moja. Wana mashimo 32 ya kuangalia, na hawatozi faranga hata moja.